Pistoni iliyo mezani kwangu: historia ya kuidhibiti tabo

Wadau, naomba radhi kwa ukimya. Wiki tatu sijaandika kitu humu. Kazi za gazetini zimenibana, na sababu nyingine mtaisoma hapo chini.

Kwenye meza yangu pale chumba cha habari kuna pistoni. Naitumia kukandamizia karatasi feni inapopuliza. Ukiitazama upande mmoja ni pistoni ya kawaida tu, lakini ukiigeuza unaona ukingo wa kichwa chake umeliwa kama mshumaa uliosogezwa karibu na jiko, hadi nafasi ya ringi imeondoka. Wenzangu wakipita huiokota na kuuliza swali lile lile: kitu kama hiki kinayeyukaje ndani ya injini iliyokuwa na maji na oili ya kutosha? Nimelijibu vipande vipande mara nyingi mno. Leo nalijibu lote, ingawa jibu lenyewe lina zaidi ya miaka mia moja na inabidi tuanzie Uswisi.

Pistoni hii ilitoka kwenye gari la kaka yangu. Gari la Kijapani, la michezo, lenye tabo, alilodunduliza miaka minne kulinunua. Na mtu aliyemtafutia fundi wa kuliharibu ni mimi. Nitafika huko.

Kwanza tabo yenyewe. Mnaoijua mnaweza kuruka aya hii na inayofuata. Mmewahi kumwona mhunzi na mivukuto yake? Makaa yapo, lakini moto haunoni mpaka apulize hewa. Injini ni hivyo hivyo. Kuongeza petroli si kazi, kazi ni kupata hewa ya kuichoma. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kwa kadiri ya mapafu yake. Tabo ni mvukuto unaoisukumia hewa kwa nguvu, na ujanja wake ni kwamba mvukuto huo unazungushwa na moshi wa injini yenyewe, ule ambao ungetoka bure kwenye ekzosi. Gurudumu moja dogo linasukumwa na moshi, jingine lililo upande wa pili wa ekseli hiyo hiyo linasukuma hewa. Kwenye gari dogo magurudumu hayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Sasa fikiria kidogo. Hewa ikiongezeka, petroli inaongezeka. Petroli ikiongezeka, moshi unaongezeka. Moshi ukiongezeka, tabo inazunguka zaidi, na hewa inaongezeka tena. Hakuna kitu ndani ya mzunguko huo kinachosema basi, imetosha. Ukiuacha peke yake utapanda mpaka kitu kivunjike. Na kabla ya kuvunjika huja joto. Yeyote aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba pampu hupata moto; hewa ikibanwa hupata joto. Petroli ndani ya silinda inatakiwa iwashwe na plagi na moto utembee kwa utaratibu kutoka hapo hadi ukutani. Hewa ikiwa imebanwa mno na ina joto mno, mchanganyiko uliobaki pembeni hausubiri kufikiwa, unalipuka wenyewe kwa mkupuo. Mafundi wetu wanasema injini inagonga. Kila mgongo mmoja unaifagia ile ngozi nyembamba ya hewa iliyopoa kidogo inayoikinga pistoni. Moto ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Mtu wa kwanza kupata hataza ya wazo hili ni Mswisi aliyeitwa Alfred Büchi, mwaka 1905. Ilimchukua miaka ishirini kulifanya lifanye kazi vizuri, na halikufanya kazi kwenye gari bali kwenye meli. Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za dizeli zenye tabo katikati ya miaka ya 1920, na nguvu ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500 kwa injini. Dizeli haina shida kubwa ya kugonga kwa namna niliyoeleza, maana haina plagi wala mchanganyiko unaosubiri kuwashwa, na injini ya meli hukaa kwenye mwendo mmoja kutwa nzima. Kwa hiyo Büchi hakupata usumbufu ambao wengine walikuja kuupata.

Marekani walitaka tabo kwa sababu tofauti: ndege. Juu angani hewa ni nyepesi na injini inakosa pumzi. Mwaka 1918 mhandisi wa General Electric, Sanford Moss, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty kwa lori hadi kilele cha mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, akaiwasha huko na tabo yake, na haikupoteza nguvu. Ni urefu wa kukaribia kilele cha Mlima Meru, kwa wale waliowahi kuupanda na kuhema.

Lakini ndege ndizo zilizofundisha watu kuiogopa tabo. Ndege ya mabomu ya B-17 kwenye Vita Kuu ya Pili ilikuwa na injini nne na kila moja ilikuwa na tabo yake. Juu kabisa, ambako hewa ya nje haizuii moshi kutoka, gurudumu la tabo lingeweza kuzunguka kupita kiasi na kupasuka. Mwanzoni rubani alirekebisha kila injini kwa wenzo wake, na akiwa anarushiwa risasi alikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Baadaye kampuni ya Minneapolis-Honeywell ikatengeneza kidhibiti cha umeme chenye kitufe kimoja cha kuzungusha kwa injini zote nne, namba zikienda hadi 10. Namba 8 ilikuwa nguvu kamili ya kawaida ya kuruka. Kuivuka, ilibidi rubani aachie kizuizi kidogo kwa makusudi, kwa ajili ya dharura ya vita. Na ndani ya kidhibiti kulikuwa na kifaa kingine kilichokuwa kikiangalia mwendo wa tabo peke yake, bila kumuuliza rubani. Kizuizi kile kidogo kilimwambia rubani kwamba unaweza kupita hapa, ila ujue umepita. Nitakitaja tena.

Magari ya kununua dukani yalipata tabo mwaka 1962, na ni Marekani tena, kampuni ya General Motors, magari mawili karibu kwa wakati mmoja. La kwanza la Chevrolet, Corvair Monza Spyder, farasi 150. Wahandisi wake walikuwa wabahili wa akili. Hawakuweka kizuizi chochote cha presha. Walifunga ekzosi na kabureta za kubana, ili gari likikimbia sana lijikabe lenyewe. Ni sawa na kumpa mtoto mwanasesere usiopiga kelele badala ya kumwambia anyamaze.

La pili ndilo ninalolipenda, Oldsmobile Jetfire. Injini yake ya V8 ya alumini ilikuwa na inchi za ujazo 215, na ilitoa farasi 215. Watu wa matangazo lazima walilala usingizi mzuri sana. Tatizo ni kwamba wahandisi hawakutaka kushusha mgandamizo wa injini, wakauacha 10.25 kwa 1, ambao ni mkubwa hata kwa injini isiyo na tabo. Ukisukuma hewa juu ya mgandamizo huo, injini itagonga mpaka majirani watoke nje. Dawa yao ilikuwa kweli dawa. Kulikuwa na chupa chini ya boneti yenye maji safi na methanoli nusu kwa nusu, pamoja na dawa kidogo ya kuzuia kutu. Waliiita Turbo Rocket Fluid. Tabo ikianza kusukuma, mchanganyiko huo ulinyunyizwa kwenye hewa, ukageuka mvuke na kuipoza.

Jetfire lilikuwa na mlango wa kando pia. Huu ni ubunifu muhimu kuliko yote katika hadithi hii kwa hiyo niueleze. Kabla ya tabo, kwenye njia ya moshi, kuna mlango mdogo unaoweza kuupitisha moshi pembeni bila kuligusa gurudumu. Mlango umeshikwa na springi. Kutoka kwenye hewa iliyobanwa unakuja mpira mwembamba, kama wa sindano ya dripu, unaopeleka presha nyuma ya kiwambo. Presha ikifika kiwango, kiwambo kinaishinda springi, mlango unafunguka, moshi unapita kando, tabo inapungua mwendo. Hakuna umeme wala kompyuta. Hewa inajikaba kwa mkono wake yenyewe. Mshike mpira huo akilini, ndio utakaotufikisha kwenye pistoni yangu.

Je, chupa ya Jetfire ikikauka? Walifikiria. Taa iliwaka, na kipepeo cha ziada kwenye njia ya hewa kilijifunga ili tabo isiweze kusukuma. Gari likawa zito, bila nguvu, kama limebeba mchanga. Huu ndio ulinzi wa presha iliyozidi ambao mtu wa kawaida aliununua dukani kwa mara ya kwanza, na hapo hapo ukaonekana ugonjwa ambao haujapona hadi leo: ulinzi unafanana na ubovu. Mwenye gari aliyesahau chupa hakusema gari langu linanilinda. Alisema gari langu ni bovu. Wengi hawakuwa na habari ya kujaza chupa; kwa nini gari litake kinywaji chake? Magari hayo hayakufika 10,000 kwa miaka miwili, na mwaka 1965 kampuni ikawapa wenye nayo nafasi ya kung'olewa tabo na kufungiwa kabureta ya kawaida. Tabo ikawekwa kabatini kwa muda.

Waliolifungua kabati ni watu wa mbio. Porsche walifunga tabo kwenye gari lao la 917 kwa mashindano ya Can-Am ya Marekani, na mwaka 1973 Mark Donohue alishinda ubingwa na 917/30 iliyokuwa na farasi zaidi ya 1,000. Ndani, mbele ya dereva, kulikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha presha. Donohue alikuwa mhandisi mwenyewe, na kitufe kile kilikuwa mikononi mwa mtu anayejua.

Wateja si wahandisi. Porsche walipoitoa 911 Turbo kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1974, lita 3 na farasi 260, kitufe hakikuwepo. Presha ilikuwa 0.8 ya baa juu ya hewa ya kawaida (baa ya kipimo, wadau, si ile ya Sinza). Mgandamizo wa injini ulishushwa hadi 6.5 kwa 1, somo la Jetfire limeeleweka. Mlango wa kando ulikuwepo. Kisha wakaongeza kitu kimoja kwa ajili ya siku ambayo mlango utagoma: swichi ndogo ya presha kwenye njia ya hewa. Presha ikipita kiwango, swichi inaikata pampu ya mafuta.

Rudia kusoma hapo. Hawakupunguza mafuta, waliyakata. Mtu asiyejua anaweza kudhani ni ukatili, lakini ndiyo njia salama kuliko zote. Mafuta yakipungua kidogo huku hewa ni nyingi, moto ndani ya silinda unapanda joto na injini inagonga. Mafuta yakikatika kabisa hakuna moto, na bila moto hakuna kinachoyeyuka. Tatizo ni jinsi dereva anavyolisikia. Uko kwenye mwendo, umekanyaga mafuta, gari linakusukuma mgongoni, halafu ghafla kama mtu amekuvuta shati kwa nyuma. Kichwa kinakwenda mbele. Sekunde inayofuata mafuta yanarudi na gari linaruka tena. Kwa masikio yoyote ya kawaida hilo ni gari lenye pampu mbovu.

Wasweden wa Saab walilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Mhandisi wao Per Gillbrand hakutaka farasi wa kwenye brosha. Alitaka nguvu ipatikane chini, kwenye mwendo wa kila siku wa kupita lori. Saab 99 Turbo ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1977, farasi 145 kutoka lita 2, tabo ndogo na mlango wa kando unaofunguka mapema. Lakini kilichomfanya akumbukwe ni kitu kilichokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiitwacho APC. Gillbrand alijiuliza swali ambalo naona lilipaswa kuulizwa miaka ishirini kabla: kwa nini tunaiogopa presha? Presha peke yake haiyeyushi pistoni. Kinachoyeyusha ni kugonga. Siku ya baridi, na petroli nzuri, injini inaweza kubeba presha ambayo siku ya joto na petroli hafifu ingeiua. Kwa nini kuwe na kiwango kimoja kwa siku zote?

Kwa hiyo alifunga sikio. Kihisio kidogo kilifungwa kwa boliti kwenye mwili wa injini, kinasikiliza mtetemo. Kugonga kuna sauti yake, kama kokoto ndani ya kopo, na kihisio kinaijua. Kikiisikia, sanduku la elektroniki linaamuru vali ya umeme kwenye ule mpira mwembamba, mlango wa kando unafunguka, presha inashuka. Kugonga kukiisha, presha inarudishwa taratibu. Ukijaza petroli nzuri gari lina nguvu zaidi, ukijaza hafifu lina nguvu kidogo, na vyovyote vile halifi. Dereva hahisi kitu. Kwa haki, Buick wa Marekani walikuwa tayari na kihisio cha kugonga kwenye V6 yao ya tabo ya mwaka 1978, lakini chao kilichelewesha cheche ya plagi badala ya kushusha presha. Saab walikwenda kwenye chanzo.

Napenda kwamba Saab, pamoja na sikio lao zuri, hawakuitoa ile swichi ya kukata mafuta. Iliendelea kubaki nyuma ya yote. Sikio ni la kila siku, swichi ni ya siku mpira ukichomoka. Kampuni yenyewe ilifilisika Desemba 2011 na Gillbrand alifariki mwaka 2016, lakini gari lolote la petroli lenye tabo mnaloliona barabarani leo lina sikio lake.

Kwenye Formula One mambo yalikwenda kinyume kabisa, maana kule hakuna aliyetaka kujizuia. Renault waliingiza tabo mwaka 1977 pale Silverstone na injini ya lita 1.5, watu wakaliita birika la njano kwa jinsi lilivyokuwa likitoa mvuke na kufa njiani. Mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille akashinda nalo Dijon na kicheko kikaisha. Kufikia 1986 injini ya BMW ya silinda nne, lita 1.5 tu, ilikuwa inasukumiwa zaidi ya baa 5 kwenye mizunguko ya kutafuta nafasi ya kuanzia, na inakadiriwa ilipita farasi 1,300. Injini za namna hiyo zilitengenezwa kwa mizunguko michache, kisha zikatupwa. Ulinzi wao ulikuwa mfuko wa kampuni.

Mwaka 1987 wakubwa wa mchezo wakaleta ulinzi kwa sheria. Kila gari la tabo lilifungwa vali iliyotolewa na wao wenyewe, iliyoachia hewa ikizidi baa 4. Mwaka 1988 wakashusha hadi 2.5 na mafuta lita 150 kwa mbio nzima. McLaren na Honda wakashinda mbio 15 kati ya 16 mwaka huo huo, kwa hiyo wale waliotegemea kwamba tabo ingekufa kwa njaa walinyamaza. Mwaka 1989 ikapigwa marufuku kabisa, ikarudi mwaka 2014 na injini za kisasa.

Mkiweka vali, watu wataichezea. Marekani kwenye mashindano ya CART, mwaka 2001 pale Detroit, waandaaji waliagiza kipande cha kuinua vali kifungwe chini yake, kwa kushuku kwamba baadhi ya injini ziliupitisha upepo mbele ya mdomo wa vali kwa namna ya kuifanya isome presha ndogo kuliko iliyopo. Honda na Ford walilalamika, ukawa mgogoro mkubwa. Na kwenye rali kuna kisa kinachotugusa Afrika Mashariki. Toyota Celica za tabo ndizo zilizotawala Safari Rally: Björn Waldegård alishinda 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akaishinda nyumbani kwake. Mwaka uliofuata, kwenye rali ya Catalunya, Hispania, wakaguzi walikuta kwamba kizuizi cha hewa cha tabo ya Celica kilifungwa na springi kwa ustadi kiasi kwamba ukikishika mkononi ni halali, ukikifunga mahali pake kinasogea na kupitisha hewa pembeni. Toyota walinyang'anywa pointi na kufungiwa miezi 12. Ninapowaza juhudi iliyotumika kutengeneza springi ile, natamani ingekuwa mada ya mtihani wetu pale chuoni.

Haya, turudi Dar es Salaam.

Magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 yalikuwa na makubaliano ya kiungwana, kuanzia 1989 hadi 2004, kwamba hakuna kampuni itakayotangaza zaidi ya farasi 280. Injini zenyewe zilikuwa na uwezo kuliko hapo, na kila kijana alijua kwamba ukipandisha presha kidogo unavuna. Watengenezaji nao walijua anachojua kijana. Kwa hiyo ndani ya kontroo boksi waliandika kiwango. Kihisio cha presha kinapeleka volti. Volti zikipita mahali fulani, boksi linazikatia mafuta nozeli. Ni swichi ile ile ya Porsche, imehamia kwenye kompyuta. Na ulinzi ule ule unafanana na ubovu ule ule, kwa hiyo likazaliwa soko la vidude vya kuudanganya. Kidude kinakaa kati ya kihisio na boksi. Volti zikitaka kupita kiwango, kinazizuia pale pale chini ya mstari. Boksi linaona kila kitu ni shwari.

Fikirieni boksi hilo lilivyo sasa. Halijazuiwa kukata mafuta tu. Limefungwa macho. Linaamini hewa ni kidogo kuliko ilivyo, kwa hiyo linatoa mafuta ya hewa kidogo. Hewa halisi inaendelea kupanda. Mafuta hayapandi nayo. Ni ile hali niliyosema hapo juu, mafuta machache na hewa nyingi, ambayo Porsche walikata pampu nzima ili isitokee.

Gari la kaka lilianza kukata mwezi wa tatu. Kila akikanyaga mafuta kupita lori, linamvuta shati. Akaniambia, "Dogo, wewe mwandishi unajua watu, nitafutie fundi." Nikauliza ofisini, nikapewa jina, nikampeleka. Fundi aliliendesha dakika kumi, akarudi anatabasamu, akasema ugonjwa huu anaujua, kuna kidude. Nusu ya pesa nilitoa mimi, ilikuwa karibu na siku ya kuzaliwa ya kaka. Siku ile ile gari likawa halikati tena. Lilikuwa na nguvu kuliko lilivyowahi kuwa. Tulikenua meno wote wawili kutoka gereji hadi nyumbani. Hakuna kati yetu watatu aliyejiuliza kwa nini gari ambalo halijaguswa presha kwa miaka limeanza kukata mwaka huu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunakwenda Morogoro kwenye msiba. Kabla ya Mikese kuna msururu wa malori ya Zambia, kaka akatoka kuyapita. Nilisikia kokoto ndani ya kopo. Sikujua ni nini, nilidhani ni mawe ya barabarani. Lori la pili, la tatu, halafu moshi wa buluu ukajaa kioo cha nyuma na nguvu ikakatika tukiwa bado upande wa kulia wa barabara, na basi linakuja. Dereva wa lori la nne ndiye aliyetuokoa. Alikanyaga breki akatupa nafasi. Tukasimama majanini. Kaka hakusema kitu muda mrefu. Msiba tulifika kwa bodaboda, baada ya maziko.

Injini ilifunguliwa Ilala na mzee mmoja ambaye hajawahi kuandika bango nje ya gereji yake. Nilimwamkia, nikampa kidude mkononi, akakitazama akakirudisha bila maneno. Alitoa pistoni tatu nzima, na ya nne ni hii niliyo nayo. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya injini, akachomoa kipande cha mpira mweusi, mwembamba kama wa dripu, kifupi kuliko kalamu yangu. Kilikuwa kimekauka tangu Japani. Akakikunja mbele ya macho yetu na kikafunguka ufa wa urefu wa ukucha. Presha ilikuwa inatokea hapo badala ya kufika kwenye kiwambo, mlango wa kando haukuwa unafunguka, na kontroo boksi lilikuwa likikata mafuta kila mara kwa sababu hiyo.

Nikamuuliza mpira mpya ni shilingi ngapi. Alikuwa na futi nzima kwenye kopo la rangi kando ya mguu wake. Akakata kipande, akanipa, akakataa pesa.